Hema Tulilopiga Juu ya Kwao Otmari

Liuli

Kwa nini iwe Alhamisi? Swali hilo dogo ndilo lililoninyima usingizi kabla hatujaondoka. Sikuwaza mvua, maana ilikuwa Julai. Sikuwaza hata pikipiki ya mjomba, ingawa tairi lake la nyuma lilikuwa limebaki laini kama kipara. Niliwaza Alhamisi. Nilipendekeza wiki inayofuata, ili mjomba arudi na tairi jipya kutoka Songea. Otmari akakataa. Nikapendekeza Jumatatu. Akakataa.

"Alhamisi," alisema, "au basi."

Na Otmari si mtu wa kusema "au basi".

Mmeniuliza sana kwenye kundi letu kwa nini tulirudi bila kufika Lituhi, na kwa nini picha zote nilizotuma ni za hema tupu. Naandika mara moja ili nisimsimulie kila mtu peke yake.

Kwa wasiomjua, Otmari nilisoma naye chuo. Ni Mmatengo wa milimani, kwao ni mbele ya Mapera, huko Mbinga. Tulipomaliza alikuja kwetu Liuli kupumzika kidogo, akakaa. Alijifunza kuanika dagaa, akazoea ugali wa muhogo, akawa anamsindikiza mama kanisani kwetu Anglikana ingawa yeye ni Mkatoliki. Mama akampenda kuliko anavyonipenda mimi. Lakini kwao hakwenda hata mara moja, na kwao si mbali, ni safari ya siku moja kwa pikipiki. Wala sikumwona akipiga simu nyumbani. Halafu mtu huyo huyo anakuja na wazo la kwenda kupiga kambi, tena kwenye milima ya kwao! Mpango ulikuwa tupande Mbinga, tulale milimani, tutafute njia ya kushukia Lituhi, kisha turudi Liuli kwa barabara ya kando ya ziwa.

"Mtu akienda milima ya kwao analala kwao," mama alisema huku akitufungia dagaa wakavu. "Hilo hema la nini?"

"Ni utalii, mama," Otmari alijibu.

"Utalii wa kukimbia kitanda?"

Otmari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mama alikuwa ameuliza swali langu.

Liuli mpaka Mbamba Bay

Tulikuwa na pikipiki mbili. Ya Otmari ilibeba hema, sufuria na mablanketi. Yangu, ile ya mjomba, ilibeba chakula na wasiwasi. Kabla ya Mbamba Bay ikaanza kukohoa, ikazimika kila nilipopunguza mwendo, na tulipofika mjini ikagoma kabisa.

Fundi tulimkuta anakula. Alikuwa na sahani ya mbasa wa kuchemsha na ugali, amekaa juu ya injini iliyofunguliwa. Alitutazama, akatazama pikipiki, akasema, "Karibuni chakula."

"Tumeshiba, fundi. Tuna safari," nilisema.

"Basi nami nina chakula."

Hapo nikaelewa kwamba nisiponawa, hatuondoki. Tukanawa, tukala. Samaki alikuwa mtamu kiasi cha kunifanya nisahau kuwa na haraka, mpaka fundi alipouliza tunaelekea wapi.

"Songea," Otmari alijibu haraka.

Nilimtazama. Alikuwa anachambua mwiba. Fundi akamtazama pia.

"Wewe si wa huku ziwani," fundi alisema. "Unaondoa miiba kama mtu anayetegua bomu. Kwenu wapi?"

"Huko huko juu."

"Juu ni kukubwa, bwana mdogo."

Fundi alifungua plagi, akaisugua kwa msasa, akanionyesha ilivyokuwa nyeusi. Mimi nilikuwa nawaza mengine. Kwa nini amdanganye fundi wa Mbamba Bay? Fundi angefanya nini na habari kwamba tunakwenda Mapera? Nikaanza kumtafutia Otmari makosa. Labda alimgonga mtu na pikipiki, akakimbia. Labda ana mke huko, na mtoto anayejifunza kuuliza baba yuko wapi. Labda mimi ndiye ninayepelekwa, ingawa kwa kazi gani sikuweza kujua.

Kupanda Mbinga

Barabara ya lami kutoka ziwani inapanda kwa kona. Kila kona unaliona ziwa limeshuka chini zaidi, mpaka linakuwa kama karatasi ya bluu iliyosahaulika. Otmari alikuwa mbele. Nilitegemea angesimama tupige picha. Hakusimama. Kadiri baridi ilivyozidi, ndivyo alivyozidi kuinama kwenye pikipiki, kama mtu anayepita mbele ya watu waliokaa kikao.

Mjini Mbinga tuliingia kwa mama mmoja muuza chai. Watu walikuwa wamevaa makoti mazito, na nje kidogo kahawa ilikuwa imeanikwa. Otmari hakuvua helmeti. Aliinua kioo tu, akaanza kunywa chai kupitia hapo.

"Vua hiyo, watu wanatuangalia," nilimnong'oneza.

"Nasikia baridi ya masikio."

Mwenye chai alimwambia mwenzake jambo kwa Kimatengo. Mimi sikuelewa, nikavuta benchi nikakaa. Benchi likalala upande wangu, na chai ikanimwagikia magotini. Kibanda kizima kilicheka. Otmari alikuwa amesimama wima na kikombe chake.

"Pole, baba," yule mama alisema kwa Kiswahili, akijifuta machozi ya kicheko. "Sasa hivi nimemwambia mwenzangu aliondoe hilo benchi, limevunjika mguu. Wewe hukusikia. Ila rafiki yako amesikia."

"Mimi mgeni, mama," Otmari alisema.

"Mgeni? Haya. Karibu Mbinga, mgeni unayejua mabenchi yetu."

Watu wakacheka tena. Otmari akaweka kikombe kabla hajamaliza, akatoka. Nilikaa pale nikikausha suruali, nikijua sasa kwa hakika kwamba rafiki yangu anaficha jambo. Tulilala Mbinga. Nilitaka kumwuliza usiku ule ule, nikaogopa jibu.

Njia ya Mapera

Asubuhi tuliacha lami, tukaingia barabara ya udongo. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni. Miteremko yote ilikuwa na mashimo ya ngoro, yale ya kilimo cha Wamatengo, yamepangwa safu kwa safu mpaka juu, kila shimo limezungushiwa matuta. Nimesoma habari zake shuleni kama ninyi, lakini ukiyaona kwa macho, mlima mzima unafanana na mkeka uliosukwa.

Nilianguka mara moja, kwa sababu ya lile tairi. Otmari alinirudia, akaninyanyua, akanifuta udongo kwa upole, akanichekesha kwamba sisi Wanyasa wa ziwani tumezoea kuanguka majini ambako hakuumi. Kwa muda mfupi alikuwa Otmari yule wa Liuli. Kisha tukakaribia Mapera, na uso wake ukabadilika. Kabla ya kufika kwenye makazi ya watu akakata kushoto, akaingia njia ya miguu inayopita kati ya mibuni.

"Unaijua hii njia?" nilipiga kelele.

"Nabahatisha tu!"

Alibahatisha njia panda ya kwanza. Akabahatisha ya pili. Akabahatisha daraja la magogo lililojificha kwenye migomba. Mtu anayebahatisha hupunguza mwendo walau mara moja, na yeye hakupunguza.

Juu

Mahali tulipofika palikuwa bega la mlima, pana mawe makubwa na shamba moja la ngoro lililopumzishwa. Upepo ulikuwa mkali, hivyo hema tukalisimika ndani ya shimo, matuta yakatukinga pande zote. Chini yetu, karibu kiasi cha kusikia mbwa wakibweka, kulikuwa na nyumba chache za bati, mibuni, na mti mmoja wa mparachichi. Pembeni mwa mti ule kulikuwa na rundo la mchanga, na watu walikuwa wanakwenda na kurudi.

Otmari alipika ugali na dagaa wa mama, akala akitazama kule chini. Sikumwuliza kitu. Nilijua tayari kwamba pale ni kwao. Nilichokuwa sijui ni amewafanyia nini.

Jumamosi asubuhi aliamka mapema, akachukua dumu, akasema anakwenda kuteka maji. Hakukaa sana nikasikia sauti za watu wanapanda. Walikuwa wanaume watatu wenye nyundo na mikokoteni ya mkono, na mbele yao mwanamke wa makamo, mnene, amefunga kanga kiunoni juu ya koti. Alisimama kwenye tuta juu ya hema letu, akaniangalia kama mtu anayeangalia nyoka aliyelala.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Nyie ni wa makaa?"

"Makaa gani, mama?"

"Makaa ya mawe. Wapimaji. Wenzenu walianza hivi hivi bonde la pili. Hema, kisha kamba, kisha rangi nyekundu kwenye miti ya watu."

"Hapana, mama. Tumekuja kupumzika."

Aliwageukia wale wanaume. "Wamekuja kupumzika."

"Shimoni?" mmoja akauliza.

"Shimoni. Kwenu hakuna vitanda, mwanangu?"

"Vipo, mama. Kwetu Liuli."

"Liuli! Umeacha ziwa lote lile na samaki wake, umekuja kulala katika shamba la marehemu mama yangu." Aliinama, akachungulia ndani ya hema, akaona mablanketi mawili. "Mwenzako yuko wapi?"

"Amekwenda kuteka maji."

"Wapi?"

Nilionyesha upande aliokwenda Otmari, nyuma ya mawe.

Wale wanaume waliokuwa wameanza kugonga mawe wakaacha.

"Kisima cha kule hakionekani," yule mama alisema polepole. "Hata wa kijiji cha jirani hawakijui. Mwenzako mgeni amekijuaje?"

Alinitazama, akatazama yale mawe, kisha akakaa juu ya tuta kama mtu aliyekumbuka kuwa amechoka. Alipoanza kusema tena, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye hatua chache kutoka kwake. Nami nilidhani ni desturi ya watu wa milimani.

"Mimi naitwa Skolastika," alisema. "Leo tunamjengea mama yetu kaburi. Mawe tunatoa hapa, alitaka mwenyewe, kwa sababu shamba hili alililima kwa mikono yake. Ana mjukuu aliyemlea tangu ananyonya, baada ya mama wa mtoto kufariki. Mtoto yuko chuo, yuko kwenye mitihani ya mwisho, bibi anafariki. Wazee wakakaa, wakasema tusimwambie, atafeli. Kila Jumapili mtoto alikuwa anapiga simu kumsalimu bibi yake. Jumapili ile kaka yangu akapokea, akamwambia bibi yuko kanisani. Na kweli alikuwa kanisani, yumo ndani ya sanduku, tunamwombea. Jumapili nyingine akaambiwa bibi kalala. Alipomaliza mitihani ndipo akaambiwa. Akakata simu. Mpaka leo."

Mmoja wa wale wanaume alikohoa, akatazama pembeni.

"Tulidhani tunamsaidia," Skolastika aliendelea kwa sauti ile ile kubwa. "Sasa nani atamwita? Waliomkosea ndio haohao waje wamwamuru arudi? Kaka yangu anaona aibu. Kila akishika simu anaiweka chini. Lakini fundi amekuja, simenti tunaichanganya mchana. Na ikishachanganywa haimsubiri mtu. Tukishafunga, tumefunga."

Aliinuka, akakung'uta kanga, wakapakia mawe yao. Alipokuwa anaondoka alisema, bila kunigeukia, "Kaeni na baridi yenu."

Otmari alitoka nyuma ya mawe walipokwisha kupotea. Dumu lilikuwa limejaa. Alikuwa amesikia kila neno la shangazi yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule mama alikuwa anapiga kelele.

"Kwa hiyo ndiyo Alhamisi," nilisema.

"Binamu yangu alinitumia ujumbe kwamba wanajenga leo Jumamosi, nikataka tuwe tumefika." Aliweka dumu chini. "Nitaangalia kutoka hapa. Wakimaliza, tunashuka Lituhi."

"Umenileta mlima wote huu kuja kuangalia?"

"Nimekuleta wewe kwa sababu huulizi watu maswali. Unajiuliza mwenyewe tu."

Hilo liliniuma kwa kuwa ni kweli.

"Shuka, Otmari. Ni bibi yako."

"Wao walimzika, wakamlilia, wakamaliza. Mimi nikishuka leo nitafanya nini? Nitalia peke yangu mbele ya watu wanaobeba zege? Nilikuwa najibu maswali ya mtihani, ndugu yangu, nakumbuka mpaka swali lenyewe, na yeye yuko kaburini. Kisha nikapiga simu nikamwagizia salamu!" Alikaa chini. "Usiende kunisema. Niahidi."

Sikuahidi. Lakini pia sikukataa, na mnanijua, nilikaa pale kwenye tuta nikaanza kupima. Nikimsema, atapanda pikipiki yake na hatutamwona tena, si wao wala sisi. Nisipomsema, mchana simenti itafungwa, naye atabaki mtu wa kuangalia kwao kutoka mlimani maisha yake yote. Labda wale ndugu wana jambo jingine walilolificha. Labda shangazi hakusema yote. Kule chini niliona mtu anamwaga maji kwenye mchanga. Kisha wakaanza kuimba.

Nikasimama. Nikavaa helmeti.

"Unakwenda wapi?" Otmari aliuliza.

"Nashuka kukusema," nilimwambia. "Ukitaka kukimbia, ufunguo wa pikipiki yako unao."

Chini, na juu tena

Nilishuka kwa pikipiki, breki zote mbili zimeshikwa. Uani kulikuwa na watu kama wa msibani, wanawake wakipika maharage na ugali, wanaume wamezunguka kaburi la udongo lililokwisha kuzungushiwa mawe. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na rundo la mchanga, mguu mmoja ameunyoosha, fimbo mapajani. Wimbo ulikatika.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba," walijibu. Shangazi Skolastika alitoka jikoni, akasimama na mwiko wa ugali mkononi. Aliningoja niseme mimi.

"Otmari yuko juu," nilisema.

Hakuna aliyeshangaa kwa sauti. Yule mzee tu ndiye aliyeinamisha kichwa. Alikuwa baba mkubwa wa Otmari, yule kaka wa Skolastika aliyekuwa anapokea simu.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema ninyi mlilia mkamaliza, yeye hajaanza."

Fundi aliyekuwa ameshika sepeto aliuliza kama aendelee, maana maji tayari yamemwagwa. Mzee akamwambia, "Acha simenti ikauke." Kisha akanitazama.

"Pikipiki yako inapanda mpaka kule?"

"Inapanda, mzee. Ila tairi la nyuma limekwisha."

"Na mimi mguu umekwisha. Twende."

Walimnyanyua wakamkalisha nyuma yangu. Alinishika koti kwa ngumi mbili. Pikipiki iliteleza kwenye mibuni, ikateleza tena kwenye ukingo wa ngoro, na kila ilipoteleza nilimsikia akisema jina la Mama Maria. Mimi nilikuwa nasali tukute pikipiki ya Otmari iko palepale.

Ilikuwapo. Otmari alikuwa amesimama mbele ya hema, mikono imening'inia. Nilizima injini. Mzee alishuka kwa taabu, akaegemea fimbo. Nilitegemea aanze na pole, au na samahani, au amgombeze kama wazee wanavyofanya wakiona aibu. Wala hakungoja kuamkiwa. Alivua kofia yake ya sufu, akasimama wima kama mtu aliyetumwa kutoka mbali.

"Otmari, mwanangu," alisema. "Nimekuja kukupa taarifa ya msiba. Bibi yako amefariki."

Upepo ulikuwa unapigapiga turubai la hema.

"Lini, baba?" Otmari aliuliza.

"Alhamisi alfajiri, kabla ya kengele ya kanisa. Kifua kilimbana siku chache. Alikuuliza. Tukamwambia unasoma. Akasema basi mwacheni asome, lakini mwambieni. Hilo la mwisho, mwanangu, sikulitii mimi."

Otmari alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, akaanguka chini, mzee akaitupa fimbo akaanguka naye. Chini kwenye uwanja, wanawake walisikia, nao wakapokea kilio kama vile mama yao amekufa saa ile.

Niliwapa mgongo. Kisha nikapiga magoti kwenye matuta, nikaanza kung'oa vigingi vya hema kimoja kimoja, bila kuambiwa na mtu.